Mbuzi wa Dani Apiyo

Siku yangu ya kwanza kazini katika chumba cha eksirei ya meno, hapa Kisumu, Msimamizi hakunisalimu. Aliniambia tu, "Bwana, picha ni kivuli. Kabla hujasema mfupa umeliwa, uliza mgonjwa alisimama vipi." Nikadhani anamtisha mgeni.

Tulianza na filamu ndogo za kutia mdomoni, zinazoonyesha jino na mfupa unaolishika. Baadaye ikaja mashine ya panorama, inayozunguka kichwa na kutoa mataya yote katika picha moja. Ina ukaidi wake hiyo: huona vizuri ukanda mwembamba tu. Ndiyo maana mgonjwa huuma kijiti cha plastiki kwa meno ya mbele, taya likae mahali pake. Likiteleza, mfupa mzima hufifia, ukadhani umeoza.

Basi akaja Dani Apiyo, bibi muuza samaki wa Luanda Kotieno, akiletwa na mwanawe, mwalimu kule Bondo. Kliniki nyingine ilikuwa imempiga picha na kuona shimo kwenye taya la chini, mbele. Siku ya kukatwa taya ilishapangwa. Bibi naye alikuwa ameshawagawia wajukuu mbuzi wake wote.

"Mimi nimemaliza, nyathina," aliniambia, yaani mwanangu. "Fanya haraka."

Akafungua mdomo. Meno sita ya chini, ya mbele, hayakuwepo. Aling'olewa akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa zamani.

Msimamizi akaguna. "Sasa huyu kule aliuma kijiti na nini? Si taya lilikuwa linaelea tu!"

Nikakunja pamba, nikaiweka penye pengo, taya likatulia. Picha ikatoka: mfupa mwembamba, lakini mzima. Msimamizi hakutosheka, akaagiza ile ya pande tatu, inayoonyesha taya kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa. Hakukuwa na shimo lolote. Nilifurahi, sitaficha.

Mwalimu akalia palepale. Mama yake akamtazama.

"Wacha kulia. Kesho unirudishie mbuzi wangu. Wote!"

Siku hizi nimestaafu, na meno yangu ya mbele yameniaga. Juzi nilirudi chumba kilekile, nikiwa mgonjwa. Binti wa zamu akanisimamisha kwenye mashine.

"Mzee, uma hapa."

"Niume na nini, mama? Lete pamba kwanza," nikamwambia. "Mbuzi wangu sigawi ng'o!"