Nilimsingizia Fundi Nipate Gari la Chini, Mama Mkwe Ndiye Aliyeumia

Nimekosa. Naanza hivyo hivyo bila kuzunguka. Jina langu nifichieni, nawaomba. Musoma ni mji mdogo, nikitaja tu mtaa lilipo duka langu, kabla ya saa sita mchana mtu ameshakuja kununua balbu asiyoihitaji ili anitazame usoni.

Majina ya wengine nimeyabadilisha. Mke wangu nitamwita Mama Bahati. Fundi tumwite Shabani. Mama mkwe sitampa jina lolote, maana hata lile lake la kweli sijawahi kulitamka.

Ndivyo ilivyo kwao mke wangu, ndani huko Butiama. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Hampeani mkono, hamkai benchi moja, mkikutana njiani mnapishana kwa mbali na macho chini. Ni heshima. Mimi mwenyewe ni mtu wa Mara, nimekulia humo humo, sikuwahi kuiona kuwa mzigo.

Sasa huyu mama ana magoti mabovu. Kila mwezi ana kliniki Musoma. Bodaboda hataki hata kuisikia. Apande mtu mzima na kitenge chake, amshike kijana wa watu kiunoni? Afadhali atembee mpaka lami, na alikuwa anatembea kweli, akifika kwetu yuko hoi, miguu imevimba.

Ndiyo sababu tukaamua kununua gari. Narudia ili mnielewe vizuri: gari lile lilikuwa la magoti ya mama. Mke wangu alitia fedha yake ya dagaa, mimi nikatia ya duka, tukajibana mpaka ikatosha.

Yakapatikana magari mawili, yote yametumika lakini yametunzwa. La kwanza lilikuwa Musoma hapa hapa. Stesheni wagoni nyeusi, ndefu, ya chini, ina turbo, na mlio wake... jamani, mlio ule! Ukikanyaga kidogo tu unausikia kifuani. La pili lilikuwa Manyamanyama, pale Bunda. La bluu, fupi, limenyanyuka juu, nalo lina turbo yake. Kwa hiyo hata kisingizio cha mwendo sikuwa nacho, maana yote mawili yalikuwa na mbio za kutosha kumuua mtu.

Tulikwenda kuyaona pamoja. Kwenye lile la bluu mke wangu hakugusa usukani wala hakuuliza habari za injini. Alifungua mlango wa nyuma, akasimama kando ya kiti, akapima na nyonga yake.

"Baba Bahati, hebu ona," akasema. "Kiti kinamfikia hapa. Mama anageuka tu, anaketi. Hainami, hashikwi na mtu."

Tulipofika kwenye ile nyeusi akainama, akaketi kiti cha nyuma, akahangaika kutoka.

"Hii akiketi ameketi. Kumtoa itabidi tukaite majirani."

Mimi nikacheka. Nikafungua buti, nikampigia debe gari la watu utafikiri ndiye mimi ninayeuza. "Tazama nyuma huku palivyo parefu. Hata godoro linaingia. Mama akichoka si atalala?"

Maneno hayo nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu!

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaifia ile nyeusi. Nilishajiona napita nayo Kiabakari, watu wa stendi wanageuza shingo. Mwanaume mzima na kipara changu, nina watoto wanne, naota kugeuziwa shingo Kiabakari! Ningemwambia tu mke wangu, "Naitaka kwa sababu naipenda," angenicheka, tungebishana, labda hata angenikubalia. Sikuwa na ujasiri huo. Niliona aibu kusema nataka mlio wa gari wakati mwenzangu anazungumzia magoti ya mama yake.

Nikampelekea Fundi Shabani wa Bunda ayakague yote mawili. Siku hiyo nilikwenda peke yangu. Shabani ni mtu wa swala tano, hana maneno mengi, na mke wangu anamwamini kuliko anavyoniamini mimi. Akaingia chini ya uvungu wa hili, akaingia chini ya lile, akatoka anajifuta mafuta mikononi.

"Zote nzima, bosi," akaniambia. "Ila nyie si mnaendaga kule kijijini kwa mama? Chukua ya juu. Hii nyeusi sampo lake, lile beseni la oili, liko chini sana. Jiwe moja tu, oili yote inamwagika, umekwisha."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikasogea hatua chache, nikampigia mke wangu simu.

"Fundi kasema ya bluu giaboksi yake imekufa. Tukiichukua imekula kwetu."

"Kasema Shabani mwenyewe?"

"Shabani mwenyewe."

"Haya basi. Yeye ndiye anayejua. Chukua hiyo nyeusi."

Nikarudi kwa fundi. Nikamwambia Mama Bahati kaikataa ya bluu, kasema gari za juu hazipendi kabisa. Shabani akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akaenda zake kunawa. Saa moja haikupita, nimewadanganya watu wawili, kila mmoja nimemsingizia mwenzake! Nikajipa moyo kwamba mmoja yuko Bunda, mwingine yuko Musoma na dagaa zake, watakutania wapi?

Siwafichi, niliifurahia ile gari. Nilikwenda nayo hadi Kisorya kumsalimia rafiki, watu waliokuwa wanasubiri kivuko wakaizunguka. Mmoja akaniomba niiungurumishe asikie tu. Nikaiungurumisha mara tatu.

Kiangazi kile tulimpeleka mama kliniki bila tatizo kubwa. Kwenye korongo lililo karibu na kwake tumbo la gari lilikuwa linakwaruza, mimi najifanya sisikii. Mama akifika mlangoni anashikwa na binti yake, anashuka kwenye kile kiti cha chini taratibu, anaguna kwa maumivu. Halafu, akiwa ameangalia dirishani kama ada ilivyo, anamwambia mke wangu: "Mshukuru mkwe. Gari lake limetulia." Hakulalamika hata siku moja!

Masika ikaingia.

Siku ya kliniki tulifika korongoni asubuhi. Maji hayakuwa mengi, yalifika chini ya goti. Mke wangu akasema, "Simama kwanza tuangalie." Nikamwambia gari hili lina nguvu. Nikakanyaga. Katikati ya maji nikasikia "ko!" chini ya miguu yangu. Gari likapanda ng'ambo ya pili kwa shida, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, nikazima. Nikachungulia uvunguni. Oili inatiririka kwenye matope.

Tulikuwa tumeshavuka korongo kubwa. Kilichobaki mbele yetu kilikuwa kijito chake kidogo, ukikivuka ni mwendo mfupi tu mpaka kwa mama. Mke wangu akampigia simu Shabani, akamweleza tulipokwama. Kisha akavuka kwa miguu aende kumwambia mama asitoke, atusubiri ndani.

Lakini mama alikuwa ameshavaa, kadi yake ya kliniki mkononi. Aliposikia gari limekwama kwa ajili yake akakataa kukaa. Mke wangu alinisimulia baadaye aliyosema: "Mkwe wangu asimame kwenye matope, mimi nimekaa kwangu? Hapana. Nipe fimbo yangu."

Nikawaona wanakuja. Mama ana fimbo mkono mmoja, mkono mwingine kashikwa na binti yake. Wakafika kwenye kijito. Palikuwa na mawe ya kukanyagia, yanateleza. Mke wangu peke yake hakutosha, niliona wazi. Mikono yangu miwili ilikuwa mitupu. Ningevuka, nikamshika upande wa pili, yangekuwa yamekwisha.

Mama akainua kitenge chake kidogo kisilowe. Na mimi, kwa heshima, nikageuka nikampa mgongo. Ndivyo nilivyofundishwa. Nikasimama naangalia gari langu jeusi, linang'aa kwa mvua.

Nikasikia mke wangu anapiga kelele.

Nilipogeuka mama alikuwa chini kwenye maji, mguu umekaa upande usioeleweka. Sikufikiri tena habari za mwiko. Niliingia, nikampitisha mikono mgongoni na chini ya miguu, nikamwinua. Mwepesi yule mama! Nilikuwa namwogopa miaka yote, kumbe ni mwepesi hivyo. Akavuta kitenge akajifunika uso wote, analia chini yake.

"Niache, mkwe! Niache jamani, usinibebe! Mama Bahati, mwambie aniache!"

Alikuwa analia kwa aibu kuliko maumivu. Mtu amevunjika, na bado anamwomba mkwewe asimguse!

Kiti hakikuwezekana. Tukamlaza nyuma kwenye buti, pale pale niliposema godoro linaingia. Alilala pale zaidi ya saa nzima kwenye gari lisilotembea, uso umefunikwa, mke wangu amemshika mkono. Mimi nikasimama nje kwenye mvua, nikampa mgongo tena.

Shabani akafika. Kutoka Bunda gari lake mwenyewe lisingefika kule, kwa hiyo alikuja na la mteja wake. Likavuka korongo lile kama linavuka tuta. Lilikuwa la bluu, fupi, la juu. Nililitambua kabla halijasimama, na mke wangu akalitambua.

Akamuuliza Shabani, "Hii si ile ya Manyamanyama?"

"Ndiyo hiyo, shemeji," Shabani akajibu huku anafungua mlango wa nyuma. "Mwalimu mmoja aliichukua. Mimi nilisema muichukue nyie, ukaikataa mwenyewe. Ulisema gari za juu huzipendagi."

"Mimi?"

"Mume wako ndiye aliniambia hivyo."

"Na giaboksi yake?"

"Giaboksi imefanyaje? Haijawahi kusumbua hii."

Mke wangu akanitazama. Sikuwahi kutamani ardhi ipasuke kama dakika ile. Kisha akamgeukia fundi. "Shabani, nisaidie miguu, mimi nashika kichwa." Mimi hakuniambia nisaidie.

Hospitali wakasema ni nyonga. Ametibiwa, anaendelea, lakini kutembea kama zamani hakupo tena. Magoti yaliyomtesa miaka yote sasa anayatamani. Kanisani haendi mpaka abebwe, na hataki kubebwa.

Mke wangu hakunipigia kelele. Chakula ananipa, salamu ananipa. Siku ya nne nilipoanza kujieleza akaninyamazisha kwa swali moja. "Ungesema unaipenda, mimi ningekufanya nini?" Shabani naye namkwepa, mtu wa watu niliyemtia mdomoni uongo ambao hakuusema.

Lakini bado sijafika kwenye kinachonitafuna.

Mama hajui. Mke wangu hakumwambia. Juzi shemeji yangu mkubwa alikuja kutoka Butiama na mbuzi. Dume, mnene, kamba shingoni. Akakaa sebuleni, akakohoa, akatoa ujumbe wa mama yake kama ulivyo.

"Mama kasema siku ile alikutia aibu, ukalazimika kumbeba. Kasema wewe ulisimama vizuri, uliheshimu, yeye ndiye aliyekaidi akatoka. Huyu mbuzi ni wako. Mchinje, ule na watoto, umsamehe, mambo yaishe."

Umsamehe! Mimi nimsamehe yeye!

Na mimi nikafanya nini? Nilipokea kamba. Nikasema ahsante, nikasema nimesamehe. Shemeji akanywa chai akaondoka kwa furaha. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaniambia, "Umempokea, eh? Siku ukimchinja usinihesabu. Mimi sili."

Mbuzi yuko nyuma ya nyumba ninavyoandika, anapiga kelele tangu asubuhi. Watoto wanauliza tunamchinja lini. Siwezi jamani.

Ninyi mnaosoma, hasa wanaume wenzangu mnaozunguka kwenye yadi za magari huku mna watu nyumbani, nawaomba. Ukitaka gari kwa sababu ya mlio, sema ni mlio. Ukitaka rimu, sema ni rimu. Utachekwa siku mbili, utanuniwa wiki, yataisha. Usiende kumtafuta fundi wa watu umfanye ngao. Na ukiambiwa gari ni la magoti ya mtu, nenda ukalipime kwa magoti ya huyo mtu, achana na macho ya watu wa stendi.

Kesho naenda Butiama. Gari lilishatengenezwa, lakini nitaliacha lami, nitatembea kwa miguu, nivuke korongo na kijito chake, mbuzi nikimkokota. Nitamfunga pale pale kwa mwenyewe. Halafu nitakaa nje, mgongo nimeupa mlango wake kama heshima inavyotaka, niseme yote kwa sauti ili ayasikie aliko ndani: la bluu, lile jeusi, fundi, giaboksi, kila kitu.

Mara ya mwisho nilipompa mgongo nilisikia kelele nikageuka. Kesho nikimsikia analia, sitakuwa na ruhusa ya kugeuka. Nitakaa hapo hapo nimsikilize.