Faili za Mtu Ndani ya Laptopu Mpya

Kazi yangu ya kuripoti habari kutoka Garissa ilipewa mtu ambaye hakuwahi kuvuka daraja la Tana. Siku alipopewa, laptopu niliyoletewa ili nisiipoteze kazi hiyo ilikuwa juu ya meza ya mama yangu, imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi. Ilikuwa inawaka. Fundi alikuwa tayari kuitengeneza kwa asubuhi moja tu. Ilichohitaji ni kufutwa kila kitu na kupangwa upya, na mimi nilikataa kuifuta.

Nieleze kwa mpangilio.

Ulikuwa mwaka uliofuata mafuriko makubwa yaliyotukatia barabara. Hadi wakati huo nilikuwa nikituma habari kwa faksi ya posta. Faksi ikikataa, nilimsomea mtu wa Nairobi kwa simu, neno kwa neno, naye akiyaandika majina yetu anavyopenda. Kisha gazeti likaweka mitambo mipya. Mhariri akanipigia simu na kusema kwamba sasa kila mwandishi wa wilayani atatuma habari kwa kompyuta, kupitia laini ya simu.

"Asiye na kompyuta ajitafutie," alisema. "Na Krismasi isinikute bado napokea faksi, dada yangu."

Katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa na kompyuta. Lakini nilikuwa na abti, kaka wa mama, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye kila mara alikuwa njiani kwenda Nairobi, au "kwenda Kenya" kama tunavyosema, kana kwamba upande wetu wa mto si Kenya. Yeye ndiye aliyenisomesha. Safari moja alirudi na sanduku limezungushiwa utepe, akalifungua sebuleni mbele ya majirani.

"Abti, mpya kabisa," aliniambia. Kwetu mjomba humwita mpwa wake kwa jina lake mwenyewe la ujomba, kama vile mama anavyoniita hooyo, yaani mama. "Nimeitoa dukani. Hata mkono wa mtu haujaigusa."

Majirani walisema mashallah. Mimi nilibonyeza kitufe, na laptopu ikawaka.

Rangi zilikuwa chache na zimepauka. Herufi zilikuwa kubwa mno hata nusu ya ukurasa ikatoka nje ya skrini. Sauti haikuwepo. Modemu, kile kifaa cha kupiga simu kilichomo ndani yake, ambacho ndicho nilichokihitaji, kilikuwepo, lakini mashine ilidai haikijui. Katika orodha ya vifaa vyake, karibu kila kifaa kilikuwa na alama ya mshangao ya manjano.

Nilimwita fundi, kijana kutoka Meru aliyekuwa na chumba karibu na posta, akitengeneza taipureta na kompyuta za maofisi. Aliiangalia kwa muda, akajikuna kidevu.

"Madam, kila kifaa humu ndani kina lugha yake," alisema. "Draiva ndiye mkalimani wake. Sasa hawa wakalimani wamekimbia, au waliopo ni wa zamani. Tutaleta wapya."

"Wamekimbia?" Abti aliingilia. Kwa Kisomali abti alikuwa msemaji hodari, lakini Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni, na kila p kwake iligeuka b. "Kwa nini kimbia? Kombyuta ni mbya!"

Fundi aliagiza sidii ya draiva kutoka Nairobi, ije kwa basi. Tulipokuwa tukiisubiri, alianza kutafuta nafasi ndani ya diski, na hapo ndipo alipogundua kwamba diski ya mashine hii mpya ilikuwa karibu kujaa. Alifungua folda moja, kisha nyingine, kisha akanisogezea kiti.

Yalikuwa maandishi ya Kisomali, kurasa kwa kurasa, kuhusu maradhi ya ngamia. Kila ugonjwa ulikuwa na jina wanalolitumia wafugaji, dalili zake, dawa walizojaribu, na mahali ambapo dawa hizo zilishindwa. Aliyeandika alikuwa na nidhamu. Palipokuwa na shaka, alisema ana shaka. Kazi haikuwa imekwisha. Ukurasa wa mwisho ulikatika katikati ya sentensi: "Ngamia akianza kujitenga na wenzake wakati wa jioni, wazee husema." Wazee walisema nini, hakuna aliyejua. Katika folda nyingine kulikuwa na picha za watoto wamesimama mbele ya ukuta mweupe, picha nyingi, nzito. Jina la mtu halikuwepo popote.

"Madam," fundi alinong'ona, "hii si mpya."

Abti alisikia.

"Hiyo ni bicha ya mfano," alisema. "Hata fremu ya bicha ukinunua dukani, ndani iko bicha ya mzungu. Wewe unarudisha fremu?"

"Mzee, na haya maandishi?"

"Mfano bia."

Fundi alinitazama. Mimi nilitazama chini. Kusema kwamba mashine ilikuwa imetumika kungekuwa kusema kwamba abti amepunjwa, na hilo katika nyumba yetu lilikuwa jambo ambalo kila mtu angeweza kuliona lakini hakuna ambaye angelitamka.

Sidii ilipofika, tulianza kubadilisha draiva moja baada ya nyingine. Ya skrini ilikubali, rangi zikaja nzuri, tukashangilia. Tulipoizima na kuiwasha, mashine ikaganda. Fundi akairudisha nyuma, akaweka ya sauti. Sauti ikalia, lakini rangi zikaondoka tena. Ya modemu ndiyo iliyotutesa zaidi: kila ilipowekwa, mashine ilisema imekubali, na kila nilipojaribu kupiga Nairobi ilisema hakuna modemu. Joto lilikuwa kali, umeme ulikatika ulivyotaka, na fundi alifuta jasho kwa mkono wa shati hadi likabadilika rangi.

"Nimeshindwa kwa njia hii," alisema hatimaye. "Mfumo wenyewe umeoza. Mtu amerundika vitu juu ya vitu. Tufomati diski, tufute yote, tuweke mfumo mpya na draiva mpya. Kesho saa nne unatuma habari."

"Na maandishi?"

"Yanaenda."

Niliuliza kama hatuwezi kuyanakili kwanza. Alinieleza kwa subira. Mashine haikuja na mlango wa disketi. Mlango wa sidii ulikuwa wa kusoma tu. Kuiunga kwa waya na kompyuta nyingine kulihitaji draiva ambazo nazo zilikuwa zimekataa. Njia iliyobaki ilikuwa kuipeleka Nairobi, diski itolewe na inakiliwe huko.

"Nairobi hairudi," abti alisema, safari hii kwa Kisomali, ili fundi asielewe. "Niwaambie nini? Kwamba mtu mzima wa umri wangu ameuziwa mzoga?"

Huo ndio uliokuwa uamuzi wake, na ndio uliotuweka kwenye kona. Sijamsamehe vizuri kwa hilo, ingawa alikuwa mtu mwema kwangu katika mambo mengine yote.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Jioni zilizotangulia nilikuwa nimemsomea yale maandishi, naye aliyapenda. "Huyu amekaa na watu," alisema. Sasa aliuliza kinachofutwa ni nini, nikamwambia.

"Ni vya nani?"

"Hatujui, hooyo."

"Basi ni baadi." Baadi ni mnyama aliyepotea. Ukimpata mnyama wa namna hiyo unamlisha, unamkama ikibidi, lakini humpigi alama yako ya moto. Unamtangaza kisimani na sokoni, hata mwaka.

"Hooyo, hatukuiokota. Tumeinunua."

"Mmenunua sanduku. Ukinunua ngamia jike sokoni, ukafika nyumbani ukakuta ndama wa mtu amemfuata nyuma, ndama huyo ni wako?"

"Dada," abti alisema, "huyo si ndama. Ni umeme."

"Kama ni umeme, mbona kijana anaogopa kuufuta bila kutuuliza?"

Abti alivuta viatu vyake akatoka. Fundi aliniuliza walikuwa wakisema nini. Nilimwambia wanazungumzia ngamia, akacheka, akidhani namtania.

Nilimpigia mhariri, nikaomba muda. Nilijaribu kumweleza kuhusu draiva, na modemu, na faili za mtu.

"Dada yangu," alisema, "mimi nina ukurasa wa kujaza. Futa hiyo takataka utume habari."

"Si takataka. Ni kazi ya mtu."

"Na hii yako si kazi?" Nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, bila kuziba simu, "Watu wa huko, hata kompyuta wanaifanya ngamia."

Nilikwenda kwa mwenye redio, kile kibanda cha redio ya upepo ambako watu wa Garissa walizungumza na jamaa zao wa Wajir, Mandera na hata ng'ambo ya mpaka. Nilimwomba atangaze kwamba kuna kazi ya maandishi imepatikana, juu ya mifugo, na pamoja nayo picha; mwenyewe aeleze kilichomo kwenye picha. Sikusema zaidi, kwa sababu redio ile kila mtu huisikia, na mwenye baadi lazima aitaje alama ya mnyama wake kabla ya kuonyeshwa.

Walijitokeza. Mtu wa Bute alisema picha ni ya lori lake. Mwingine alisema ni picha ya arusi, kisha akasema kama si arusi basi ni mazishi, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Mwenye redio alianza kuniita mama wa picha. Siku zilikuwa zinakwisha.

Siku moja kabla ya Krismasi fundi alikuja na sidii ya mfumo mpya, akaiingiza kwenye mashine mwenyewe, kwa kunionea huruma. Alifika hadi mahali ambapo skrini huuliza kama una hakika unataka kufuta kila kilichomo. Alinipisha kiti.

"Bonyeza tu, madam. Dhambi tutagawana."

Nilisoma swali lile mara kadhaa. Mama alikuwa jikoni, hakuja kuniangalia. Nilikumbuka yule mtu wa Nairobi aliyekuwa akiandika majina yetu anavyopenda. Nilibonyeza herufi ya kukataa, nikamrudishia fundi sidii yake. Alitikisa kichwa akaenda zake.

Baada ya sikukuu, habari za wilaya yetu zilianza kutoka kwa jina la mtu mwingine, aliyeziandika akiwa Nairobi. Katika habari yake ya kwanza aliiweka Ijara kaskazini ya Wajir. Nilisubiri masahihisho. Hayakuchapishwa. Jirani zetu waliokuwa wamesema mashallah sasa walimwambia mama kwamba binti yake amesoma hadi akapitiliza. Mama mwenyewe aliniuliza siku moja, akichambua mchele, kama hakukuwa na njia ya tatu. Nilikwenda kufundisha shule ya msingi.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza wakati mwenye redio alipotuma mtu kuniita. Kulikuwa na mwanamke hewani, kutoka Takaba. Sauti yake ilikuwa ikija na kuondoka.

"Abaayo, dada yangu, wewe ndiwe wa picha?"

"Ni mimi. Niambie ulichokipoteza."

"Sijapoteza mimi. Ni ndugu yangu, daktari wa mifugo. Watoto wake watatu, mbele ya ukuta wa nyumba yetu. Yule mdogo ameshika kiatu kimoja mkononi. Alikataa kukivaa. Tulimbembeleza hadi tukachoka, ndugu yangu akapiga picha hivyo hivyo."

Mle kibandani hakuna aliyecheka. Kiatu kilikuwepo. Nilikuwa nimekiona mara nyingi.

Alikuja Garissa kwa lori. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye umri wa kunizidi kidogo. Mama alimpa chai ya maziwa. Nilimfungulia laptopu, na katika zile rangi mbovu alizitazama picha moja moja, akiigusa skrini kwa ncha ya kidole. Ndugu yake hakuwemo katika picha hata moja. Yeye ndiye aliyekuwa na kamera. Nilipoanza kumweleza kuhusu maandishi, na jinsi yalivyosalimika, alinikatiza kwa upole.

"Abaayo, Mungu akulipe. Lakini mimi sikuja kwa maandishi. Ndugu yangu alisema anapita Nairobi kutafuta kazi. Hatujamsikia tangu kabla ya mafuriko. Nataka kujua kitu hiki kilitokaje mkononi mwake."

Tulimwita abti. Aliketi, akasalimia, akazungusha tasbihi yake. Mara ya kwanza alisema duka. Mwanamke alimwuliza duka gani, yuko tayari kwenda. Abti alianza kuhesabu tasbihi upya. Mama alimwambia, "Ndugu yangu, huyu ana haki ya kusikia."

Ndipo aliposema kwamba hakukuwa na duka. Alikuwa amesimama nje ya msikiti Eastleigh, akaja mtu na sanduku, Msomali, mstaarabu. Hakubishana sana. Alisema ni mpya, na abti alitaka iwe mpya.

"Alikuwaje?" mwanamke aliuliza.

"Mrefu. Wa makamo. Alikuwa anakohoa."

Mwanamke aliweka kikombe chini.

"Ndugu yangu ni mrefu," alisema. "Lakini mara ya mwisho nilipomwona, hakuwa na kikohozi."