Maji Yaliyokataliwa na Beto

Fundi wa beto, yaani zege, hapa Kibabi haamini maji mpaka ayaonje. Sasa anachanganyia majitaka ya hospitali yaliyosafishwa, eti chemchemi ibaki ya watu. Chemchemi yenyewe imezungushiwa waya, wanakunywa ng'ombe wa mkubwa mmoja. Huchovya kidole kwenye pipa, hulamba, hutema, hutabasamu. Jana Mama Nyirabagenzi, akitoka mtoni na bidoni ya maji mgongoni, alimwonea huruma.

“Papa fundi, acha hayo ya choo. Kamata haya yangu.”

Akayaonja, akatema kwa hasira. “Hapana, Mama. Iko na matope, itaharibu beto.”

Mama akarudisha kamba ya bidoni kwenye paji la uso. “Beto inakataa. Batoto banakunywaka tu.”

Fundi akachovya tena kidole kwenye pipa lake. Hakukilamba.