Mayai Yaliyolia Kanisani

Kila mkiniona nasukuma sahani ya mayai pembeni mnasema mzee huyu ana maringo, na mimi hunyamaza, kwa sababu ukweli wenyewe unaniaibisha mpaka sasa. Leo nitausema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, miezi mitatu baada ya kumzika mke wangu, Mama Atieno. Nilikuwa kibarua bandarini Kisumu. Alipokuwa hai, nyumbani, karibu na Kombewa, nilikuwa nikifika kila Jumamosi, napikiwa mayai mawili, nakula, na kesho yake jioni narudi kazini. Kuku walikuwa wake. Aliwalisha, akawafungia, akawatibu kwa pilipili, na kwa miaka kumi na moja hakuonja yai hata moja (kwetu wakati ule mwanamke hakula kuku wala mayai, na mimi mlaji sikuwahi kuuliza kwa nini). Sharti lake lilikuwa moja tu. "Baba Atieno, kuku akiwa anataga, chukua mayai, umwachie moja. Akishaanza kuyalalia, toa mkono. Hayo si yako tena."

Jumapili moja kanisa lilikuwa linamwombea marehemu. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Kisian, na nilikuwa nimesikia watu wakinong'ona kwamba matangani sikutoa chozi. Nikaona nikienda mikono mitupu nimekwisha. Jikoni, ndani ya chungu kilichovunjika, alikuwa amekaa kuku mwekundu wa marehemu, kuku ambaye mama mkwe mwenyewe alimpa bintiye. Ningeweza kusema sikujua. Nilijua. Alijitunisha, akanidonoa mpaka damu ikatoka, na bado nikajiambia labda anataga tu, nikatoa mayai sita, yana joto kama kiganja cha mtu, nikayatia kwenye kikapu na kuyafunika kwa kitambaa.

Kikapu kiliwekwa mbele, mezani, pamoja na ndizi na mahindi ya wengine. Mchungaji akasema tuinamishe vichwa, tumkumbuke dada yetu kimya kimya. Kimya kikaingia. Ndipo nikasikia, piii.

Nikajiambia ni mbayuwayu darini. Ikalia tena. Nikakohoa. Kila kitu kile kilipolia nilikohoa, hata aliyeketi karibu nami akaninong'oneza, "Pole, Bwana, ni kifua?" Nikasema ndiyo (uongo wa pili, wa kwanza nilijidanganya mwenyewe jikoni). Upande wa akina mama, mama mkwe alikuwa amefumbua macho. Hakutazama dari. Alitazama kikapu, kisha akanitazama mimi.

Ibada ilipokwisha mchungaji alimkabidhi kikapu Bwana Okelo, kiongozi wa kwaya, ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kuimba, na kila mtu alijua dawa yake ni yai bichi, hapo hapo, akiwa amesimama. "Mama Atieno hata leo ananilisha," akasema, watu wakacheka kidogo. Akachagua moja, akainua mkono aligonge kwenye ukingo wa meza. Mama mkwe hakumwangalia yeye hata kidogo. Alikuwa ananingoja mimi.

"Usivunje," nikasema. "Yana vifaranga. Niliyatoa chini ya kuku anayelalia."

Okelo akaliweka yai sikioni, akalirudisha polepole. Mtu wa nyuma akasema, "Kumbe kuna kwaya ya pili," kanisa zima likaangua kicheko.

Mama mkwe akainuka. Kwetu mkwe hukaa mbali na mama mkwe, hata kula mbele yake ni aibu, na sasa alikuja akasimama karibu nami mbele ya watu wote. "Fungua shati."

"Mama?"

"Yanapoa. Fungua shati uyaweke kifuani."

Nikafungua vifungo mbele yake, fulana yenye matundu ikaonekana, akayapanga moja moja na kunifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. "Tembea. Usikimbie."

Tukapita sokoni, mimi nimeshika tumbo kwa mikono miwili, yeye nyuma yangu. "Baba Atieno, ni miezi mingapi?" akauliza muuza omena, dagaa wa ziwani, na wenzake wakacheka. Nikapita polepole. Katikati ya soko yai moja lilijigeuza juu ya ngozi yangu, kitu kikagonga kutoka ndani, na hapo ndipo nikalia, kilio ambacho watu walikitafuta matangani. Mama mkwe alisikia, akaendelea kunifuata.

Kuku alikuwa bado amekaa kwenye chungu kitupu. Alinidonoa tena, kisha akayapokea. Kufikia jioni wanne walikuwa wametoka. Mayai mawili yalibaki kimya, nikayazika nyuma ya jikoni.

Mama mkwe alisimama nje, hakuingia. "Binti yangu alikuambia?"

"Aliniambia, Mama."

"Haya." Akaondoka.

Tangu siku hiyo sijala yai, na sitakula. Ninyi siwakatazi. Kuku akitaga, chukueni, mwachieni moja. Mimi nilishakula fungu langu, na la mwenzangu pia.