Wapishi wawili wa wali wa nazi wamenikataa

Jameni, naoa Jumamosi na leo nimekataliwa na watu wawili.

Si mchumba. Ni wapishi.

Mnawajua, hapa karibu na stesheni ya Thika. Kuna Mama Zena wa Mombasa na wali wake wa nazi wa Pwani, na ng'ambo ya barabara kuna Mutua, yule askari aliyerudi kutoka vita vya Malaya na upishi wa huko: wali wa nazi ndani ya jani la ndizi, dagaa, karanga na pilipili ya kutoa machozi.

Kila siku wanatukanana mbele ya wateja. "Huo ni wali ama uji?" "Nenda ukale majani yako!"

Nimekula kwa wote wiki nzima, na leo nikaamua. Nikamwambia Mama Zena, "Nataka wewe ndio upike harusi yangu kule Ruiru."

Akaangalia ng'ambo, akashusha sauti.

"Mwanangu, harusi si mchezo. Mpe Mutua. Wali wake ni mtamu kuliko wangu. Ukimwambia nimesema hivyo, nitakana."

Haya. Nikavuka.

Mutua akaweka mwiko chini. "Harusi? Aii! Enda kwa Mama Zena. Mimi mwenyewe hutuma watu waninunulie wali wake, nawaambia waseme ni wao wanakula."

Nikabaki katikati ya barabara. Nikaita, "Basi pikeni pamoja!"

Wakajibu kwa sauti moja: "Na huyo? Kamwe!"

Halafu wakaendelea kutukanana.

Mchumba wangu akiniuliza jioni mpishi ni nani, nimjibu nini?