Kadi Iliyofutwa Ikiwa Imefungwa

Jina la video lilikuwepo pale kwenye kioo cha kompyuta, lakini ukilibonyeza, hamna kitu. Si picha, si sauti. Mtu wa kompyuta wa kampuni akabonyeza tena, akakuna shingo, akasema, "Labda haikurekodi."

Mama fundi aliyekuja nami akaichomoa kadi ya kamera, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kifungo chake kidogo cha pembeni kilikuwa bado upande wa kufunga, ule wa kuzuia kadi isifutwe. "Imefungwa hivi hivi," alisema taratibu, "na mmeifuta."

Nilishika meza. Rafiki yangu alikuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mimi nimekaa kwenye kiti, nakunywa chai ya waliomuua.

Nirudi nyuma. Mimi ni mgumu, ndivyo tunavyoitwa tunaobeba mizigo ya wageni mlimani. Darasa la saba, basi. Rafiki yangu alikuwa wa Masama, mimi wa Machame, na tulipanda pamoja tangu ujana. Getini mizigo hupimwa: kilo ishirini, mwisho. Lakini kila mtu wa kazi hii anajua kinachofuata. Ukishapita kona, geti halikuoni tena, mizigo ya wagumu ambao kampuni haikutaka kuwaajiri inagawanywa kwa waliopo. Siku ile kiongozi wa msafara alimwongezea rafiki yangu hema la jikoni.

Kambi ya juu akaanza kutapika. Alikuwa na kamera ndogo aliyoachiwa na mgeni, na alirekodi kila kitu, hata ugali ukisongwa. Asubuhi hiyo aliiweka juu ya jiwe, inawaka, ikimtazama kiongozi na ule mzigo. Nilikuwepo.

"Kaka, kichwa kinapasuka. Naomba nishuke."

"Ushuke na nani? Beba! Au wageni walale nje kwa sababu ya kichwa chako?"

Baridi iliua betri kamera ikiwa bado inarekodi. Mchana rafiki yangu akakaa kwenye mawe, asiinuke tena. Mimi nilibaki naye kwenye mvua ya barafu mpaka waliponishusha kwa machela. Vidole vya mguu wa kushoto sina.

Tajiri wa kampuni alisema marehemu alificha ugonjwa, na mzigo wake ulikuwa halali, getini ulipimwa. Nikamwambia kadi ya kamera ninayo. Akasema niilete, ila isifunguliwe popote. Ikifunguliwa mtaani, atasema tumeipika. Tuifungue wote, ofisini kwake.

Nikaenda kwa mama mmoja fundi wa kompyuta, pale Moshi mjini. Kadi yenyewe hakuigusa. Alichukua kadi zake, akamrekodi muuza ndizi aliyekuwa mlangoni, akang'oa betri katikati, kama baridi ilivyofanya. Akakifunga kile kifungo cha kadi, akaichomeka kwenye kisomaji, kile kidude kinachounganisha kadi na kompyuta. Kisomaji cha kwanza kilitii kifungo, kompyuta ikasoma tu bila kugusa kitu. Akabadilisha kisomaji. Kompyuta ikaona video iliyokatika, ikaanza kuifagia kama taka. Muuza ndizi akapotea.

"Si umeifunga?" nikamuuliza.

"Kaka yangu, hiki ni kiplastiki tu. Chenyewe hakizuii kitu. Kisomaji kikikipuuza, imekula kwako."

Akajaribu tena kwa kompyuta nyingine, na kadi nyingine. Kila alipochomeka, jasho lilinitoka kama vile ndiyo yenyewe. Mwisho akabeba kile kisomaji kinachotii, akasema twende wote.

Ofisini akawaeleza yote hayo. Akaweka mezani kisomaji chake na kadi ya majaribio. "Kama mnataka kutumia kisomaji chenu, jaribuni kwanza na hii yangu. Ikipona, ndipo muweke ya marehemu."

Mtu wa kompyuta akacheka. "Shangazi, hapa hatuchomeki vitu vya mtaani. Na hiyo imefungwa, haiandikiki."

Tajiri akaniangalia mimi, akaniita mzee kwa lugha ya kwetu. "Meku, umeleta kadi au umeleta semina?"

Kiongozi wa msafara alisimama mlangoni, akiitazama kadi.

Kadi ya marehemu ikachomekwa kwenye kisomaji chao. Kompyuta ikauliza kama itengeneze kadi. "Usikubali!" mama fundi akapiga kelele. Kidole kilishabonyeza.

Baadaye mama fundi alihangaika nayo sana, akaokota vipande: jiwe, anga kidogo, kiatu cha rafiki yangu. Sauti hakuna.

Watu wananiambia ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya gani inayopewa onyo ikacheka? Kiongozi wa msafara, wewe ulimbebesha. Tajiri, wewe ulikataza kadi isifunguliwe penye mikono salama. Na wewe wa kompyuta, kadi ya majaribio ilikuwa mbele yako, ungenyoosha mkono tu. Mama wa marehemu yupo Masama, na njia ya kwake mnaijua, mlipeleka jeneza. Pandeni tena. Kaeni mbele yake mmwambie nani aliamua ile kadi isijaribiwe kwanza, na aliogopa kusikia nini. Sitaki pole zenu. Mmoja wenu amjibu.