Mlima wa Kimisagara kwa Gia ya Tatu

Niseme mapema: nilikuwa na wivu, na sikuuonea aibu. Mwanamke wa Biryogo akishikwa na wivu, uchochoro mzima hujua kabla ya alasiri, na mimi sikuwahi kuwanyima majirani habari.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari Kimisagara, kule chini bondeni. Mimi nilishona nguo barazani kwetu Biryogo, juu. Watu walimfuata kwa sababu ya sikio lake. Mafundi wengine walifungua injini ndipo wajue inaumwa nini. Yeye aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema. Nililiringia sikio lile kama wanawake wengine wanavyoringia nyumba ya matofali.

Miaka ile vita vya kaskazini vilikuwa vimefunga barabara ya Uganda. Petroli ilikuja kwa kuzunguka, na njiani kila mkono ulioigusa uliiongezea mafuta ya taa. Magari yaliyozoea petroli safi yakaanza kugonga. Ukikanyaga mafuta mlimani unasikia ka-ka-ka-ka, sauti nyembamba, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Maana yake moto unawaka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na ukiuacha hivyo, pistoni itatoboka. Dawa ni kulegeza delko, kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwenye buji, yaani plagi, na kukizungusha nyuma kiasi cha unywele. Ukizidisha, gari linakosa nguvu. Na kwa kuwa kila tangi lilikuja na mchanganyiko wake, ulichorekebisha Jumatatu kiliharibika Alhamisi.

Mashine ya kupima jambo hilo hatukuwa nayo. Kipimo chetu kilikuwa mlima. Unatoka Kimisagara kwa gia ya tatu, mguu chini, unapanda hadi kwetu. Gari likigonga njia nzima, rudisha delko nyuma. Likinyamaza kabisa, sogeza mbele. Likigonga mara mbili tatu pale penye kona kali halafu likatulia, hapo funga nati, mwite mwenyewe aje achukue gari lake. Hayo alinifundisha yeye, zamani, tulipokuwa bado tunazungumza.

Ndipo akaja mjane wa vitenge na Pejo 404 aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa na duka la vitenge upande wa Sonatubes, mama wa Kikatoliki, mpole, msafi hadi kucha. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la zamani, na viti vyake vya mbele vilisogeleana hadi vikawa kama benchi. Mara ya kwanza nilipoliona likipita mbele ya baraza, mume wangu kwenye usukani na mjane pembeni yake, sikufikiri lolote. Mara ya tano niliacha cherehani nikasimama.

"Mama, bwana yako iko anapanda tena na ile madamu," jirani yangu wa chapati aliniambia, bila hata kugeuza chapati. "Ile gari haitapona?"

"Inagonga," nikamjibu.

"Kweli? Mwaka mzima iko inagonga tu?"

Haukuwa mwaka, ilikuwa miezi minne. Lakini lisemwalo lipo, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa na macho. Siku moja, pini mdomoni, niliwaona wakifika kwenye kona kali. Mkono wa mjane ukatoka mapajani mwake, ukamgusa mume wangu begani. Mara mbili. Mume wangu akatikisa kichwa na kutabasamu, kama mtu aliyeambiwa neno tamu. Pini zilinitoka mdomoni zote.

Nyumbani nilikuta ushahidi kila nilipotazama. Nikimsemesha kutoka jikoni, kimya. Nikimwambia chumvi imekwisha, ananijibu, "Mungu akipenda." Zamani alikuwa akirudi ananisimulia gari moja moja, hili lilikohoa, lile lilinguruma. Sasa alikula, akanawa, akakaa akitazama ukuta. Nikajua moyo wake umehama. Nilimpikia maharage bila chumvi siku tatu mfululizo, anikaripie tu, angalau tugombane. Akala yote, akashukuru. Hakuna kinachomuumiza mwenye wivu kama shukrani.

Siku ya nne nilivaa kitenge changu cha Idi nikateremka Kimisagara kwa miguu. Sikwenda kuuliza. Nilikwenda kuharibu.

Nilikuta boneti ya Pejo imefunguliwa, injini ikinguruma polepole, na mume wangu ameinama juu yake, mgongo kwangu. Mjane alisimama upande wa pili, akikumbatia mkoba wake. Nikasimama hatua mbili nyuma ya mume wangu na kuanza. Nilimwita mzinzi. Nilimwita mzee asiye na haya, nikamkumbusha nilimwosha baba yake alipokuwa hajiwezi, nikamuuliza kama huyo madamu wake angefanya hivyo. Sauti yangu si ndogo. Kwenye karakana ya jirani waliacha kupiga bati.

Mume wangu hakugeuka. Aliendelea kuzungusha delko kwa ncha za vidole, taratibu, huku akitabasamu na injini.

Kwanza niliona ni dharau iliyopita kiasi. Kisha nikaona uso wa mjane. Hakuwa na hofu ya mwizi aliyefumaniwa. Alikuwa akinihurumia, na hilo lilinipandisha hasira zaidi. Akazunguka gari, akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Ariko, lakini mama, unamutukana bure," akasema kwa sauti ya chini. "Haiko anasikia."

"Hasikii nini?"

"Sauti nene anasikia kidogo. Zile ndogo-ndogo zimemutoka. Ile ya gari kugonga imemutoka." Akautazama mkoba wake. "Na ya kwako."

Akanieleza. Siku ya kwanza walipanda mlima mzima gari likigonga kama linavunjika, na fundi kwenye usukani anamwambia madamu, safi, limepona. Alitaka kuondoa gari lake. Kisha akamtazama yule mzee akisubiri kusifiwa, na moyo ukamshinda. Alimwambia ukweli uso kwa uso, na mume wangu alilia pale pale, ndani ya gari, mbele yake. Wakakubaliana: mjane atapanda naye, likigonga atamgusa bega, na hatamwambia mtu. Wateja wengine mume wangu aliwarekebishia kwa kubahatisha, na walikuwa wanapungua.

Mtu mwema angefurahi. Mume wangu hakuwa na hawara, nami nilimshukuru Mungu kwa muda wa pumzi moja. Pumzi ya pili wivu ulirudi, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mwili wa mume huibiwa kila siku hapa mjini na nyumba husimama. Lakini machozi? Miezi minne nilikula naye sahani moja, na machozi yake anayo muuza vitenge.

 Nilifungua mlango wa mbele wa Pejo, nikakaa kwenye kiti cha mjane. Naye akaingia nyuma. Mume wangu alipofunga boneti na kuniona, rangi ilimtoka. Alitutazama mimi na mjane, akaelewa, akaingia, akatia gia.

Tulipanda. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, mguu chini. Pale penye kona kali nikaisikia, ka-ka-ka-ka, na haikutulia. Nilisubiri aniulize. Hakuniuliza. Alinyanyua macho kwenye kioo na kumtazama mjane.

Mjane aligeuza uso akatazama dirishani, akautazama ukuta wa mtu kana kwamba unauzwa.

Nami nilinyamaza. Nakiri, niliiacha injini ile iumie, niliacha asubiri, hadi tukakaribia kwetu na jirani wa chapati akasimama kututazama. Ndipo nikampiga bega mara mbili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Akasimamisha gari kando ya barabara. Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mbona yeye?" nikamuuliza, nikimgeuza uso kwa kidevu ili anione midomo. "Mbona yeye na si mimi?"

"Mteja akijua akaondoka, atakuja mteja mwingine," akasema. Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia sauti zao wenyewe, na barabara nzima ikasikia. "Wewe ukijua ukaondoka?"

Nyuma yetu mjane alifungua mlango na kushuka taratibu, akaenda kununua chapati ambazo nadhani hakuzihitaji. Nilitaka jibu lile linitoshe. Halikunitosha, siku ile wala mwezi ule. Lakini petroli ile mbovu ilikuwa bado ndani ya tangi, na bega lake lilikuwa bado chini ya mkono wangu.

"Rudisha nyuma kidogo," nikamwambia, neno moja moja, mbele ya macho yake. "Inagonga."